Matairi ya Wifi Noelia

Mtaa wa Pulaski, ghorofa ya juu,
Erie, Pennsylvania.
3 Desemba 2019.

Mpendwa Shangazi Leokadia,

Nakusalimu kutoka huku kwenye koleo la theluji na chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, nyonga imetulia, na yule daktari wako kijana ameacha kukulazimisha kuogelea na wazee wenzako. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana mara ya mwisho tuliongea nusu saa nzima, nikaja kugundua kwamba kifaa chako cha masikioni kilikuwa kwenye sahani jikoni tangu mwanzo.

Mabalungi uliyotutumia kutoka Tucson yalifika salama, hata moja halikupondeka. Baba anakula nusu kila asubuhi. Namkatia mimi, kwa sababu mkono wake wa kulia bado umefungwa kifuani. Daktari anasema mfupa wa mtulinga umeanza kuunga, na mbavu mbili zitapona zenyewe asipocheka sana. Kwa sasa hana sababu ya kucheka sana.

Gerard alikupigia akakuambia kwamba gari liliteleza kwenye barafu. Hakukudanganya, barafu ilikuwepo. Lakini haikuwa barafu peke yake, na kaka yangu siku hiyo alikuwa katikati ya ziwa kwenye meli yake ya mizigo, kwa hiyo hajui zaidi ya alichoambiwa. Mimi najua. Nakuandikia wewe kwa sababu Baba ni mdogo wako wa mwisho aliyebaki, na kwa sababu wewe ndiye mtu pekee katika ukoo huu aliyewahi kuniambia waziwazi jinsi alivyonuniana na dada yake miaka kumi na moja kwa ajili ya shuka la manyoya la bibi. Nadhani hutanishangaa sana.

Nianze na wivu, nisije nikajipamba. Nilimwonea wivu wifi yangu Noelia tangu mwezi wa tano, siku Gerard alipomleta kutoka Laredo, kule Texas mpakani, akiwa bibi harusi wa miaka arobaini na saba. Alishuka kwenye gari dogo la bluu, lililolala chini karibu liguse lami, akamkumbatia Baba kabla hajatambulishwa. Baba, Shangazi, ambaye mimi humkumbatia Krismasi na Pasaka tu, na hata hapo ananipigapiga mgongoni kama anayezima moto.

Kisha Gerard akarudi melini, akatuachia mkewe mitaa mitatu kutoka kwetu. Noelia akawa anakuja karibu kila siku. Analeta tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda na nyama ndani, na Baba anakula sita. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka themanini na mbili ameamini kwamba chochote kisicho kabichi wala soseji ni dawa. Mimi nikipika kitu kipya ananiuliza kama kuna mgonjwa ndani.

Hayo yote ningeyameza. Yaliyonikaba ni matairi.

Unajua jina la Baba mtaani. Tangu alipokuwa kwenye kiwanda cha vichwa vya treni mpaka amestaafu, hakuna mtu wa parokia yetu aliyenunua tairi bila kumwita Chester Sobczak aje kulibonyeza kwa dole gumba. Lakini huenda hujui kazi yangu mimi ilikuwa ipi. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ndani ya duara dogo: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka ambao tairi lilitengenezwa. Mara nyingi zinaangalia upande wa ndani, chini ya gari, ambako mtu mwenye tumbo la Baba hafiki. Kwa hiyo tangu nikiwa na miaka tisa alikuwa ananitandikia kadibodi, natambaa chini, na yeye anaita, "Cella, mwaka?" Namsomea. Akisikia tairi lina zaidi ya miaka mitano anaondoka, hata liwe linang'aa namna gani, kwa sababu raba iliyozeeka inakauka ikawa ngumu, na kwenye baridi ngumu haishiki chochote.

Sasa nina miaka hamsini na sita, nimeendesha basi la shule miaka ishirini na tatu, na kila asubuhi nazunguka basi na tochi kukagua matairi kabla watoto hawajapanda. Lakini Baba akiitwa kutazama tairi la mtu, bado ni mimi niliyekuwa natambaa. Hajawahi kuniambia asante, wala sikuitarajia. Ilikuwa kazi yetu wawili tu, na ilinitosha.

Kuna jambo jingine ambalo wengine hawakulijua mpaka juzi. Macho ya Baba yanakufa. Anaona pembeni, ila katikati ya kile anachokitazama kuna doa. Mimi ndiye ninayempeleka kliniki, na alinifunga mdomo nisimwambie Gerard, maana Gerard angemnyang'anya funguo za gari siku hiyohiyo. Kwa hiyo miaka yote hii miwili, alipokuwa akisema "hili zuri" au "hili baya" mbele ya watu, alikuwa anasema nilichomsomea mimi. Nilikuwa najivunia hilo kimoyomoyo, Shangazi. Nilikuwa macho ya Chester Sobczak.

Basi Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, Noelia akaja na daftari. Gari lake lilikuwa bado na matairi ya kiangazi aliyotoka nayo Texas, mazuri kwa lami ya moto, ya kujiua huku kwetu. Alikuwa amechora safu: kelele, mvua, theluji, kona, muda wa kudumu. Akakaa kwenye kiti cha Mama. Hakuna aliyemwambia ni cha Mama, lakini pia hakuna aliyemwambia si chake.

"Baba Chester," akasema, "mie kubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka siwezi. Nataka seti moja, ya misimu yote. Lakini gari langu lina mbio, nikikata kona lisinipeleke sebuleni kwa jirani."

"Misimu yote?" Baba akamwambia. "Hapa kwetu kuna misimu miwili tu, mama. Wa theluji, na wa kukarabati barabara."

Utani huo nimeusikia tangu niko darasa la pili. Noelia alicheka mpaka akashika meza, na Baba akanyooka kitini akawa mrefu kuliko alivyokuwa tangu msiba wa Mama.

Akamfundisha. Mimi namenya viazi, yeye anafundisha. Kwamba tairi laini linang'ang'ania lami lakini linaisha upesi, gumu linadumu lakini baridi ikija linakuwa ubao, na anachotafuta ni la katikati lenye mifereji mingi midogo. Kwamba asidanganyike na herufi za matope na theluji, kila tairi la misimu yote limeandikwa hizo. Atafute alama ya kilima kidogo chenye punje ya theluji ndani yake, tairi lenye hiyo ndilo limepimwa kwenye theluji. Noelia akauliza, "Na kama lenye kilima linashika kona vibaya kuliko lisilo nacho?" Baba akapiga meza kwa kiganja.

"Cella, umesikia swali hilo? Huyu ana akili ya matairi."

Nilisikia. Alilisema tena kwenye chai, na tena wakati anamsindikiza. Mwezi huohuo, Shangazi, gari langu mimi lilikuwa limefikia kuonyesha kichwa cha rais. Unakumbuka, unachomeka sarafu ya senti kwenye mfereji wa tairi, kile kichwa cha rais kikiwa chini, ukikiona kichwa chote ujue tairi ni kipara. Nilipomuuliza Baba ninunue yapi, alisema bila kugeuka, "Chukua ya bei nafuu, wewe unaendesha kistaarabu."

Jumamosi iliyofuata ndiyo iliyoniharibu. Unakifahamu kile kipimo cha shaba, kijiti kidogo cha kupimia kina cha meno ya tairi, alichojichongea kiwandani mwaka niliozaliwa. Miaka yote kimekaa mfuko wa kushoto wa kizibao chake. Sikuwahi kukiomba, kwa sababu mtu haombi kitu anachojua kitakuwa chake. Baba alikitoa, akakifuta kwenye suruali, akakiweka kiganjani mwa Noelia.

"Chukua, binti. Utakihitaji."

Noelia alikibusu. Mimi nikapanda juu kwangu nikafua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Jumamosi ya tatu, tarehe tisa Novemba, tulikwenda watatu kwa Virgil, yule wa duka la matairi karibu na reli. Noelia alitaka na mimi niende. Njiani aliniuliza mabasi yetu yanatumia matairi gani, nikamjibu, "Ya duara." Baba akacheka, na nilifurahi kwamba angalau amecheka kwangu.

Virgil alikuwa na seti ya matairi manne stoo, bei ya kumaliza mzigo. Ilikuwa ni ileile aina aliyoiweka Noelia namba moja kwenye daftari: misimu yote, ya magari yenye mbio, inayoshika kona. Kilima haikuwa nacho. Baba akasema kwa gari hili na dereva huyu raba nzuri, mradi ni changa, itatosha, akienda polepole Januari na Februari. Virgil akasema yalikaa nyuma kidogo, lakini hayajawahi kugusa barabara. Alisema kweli. Yaling'aa, vile vinywele vya raba vya kiwandani bado vimesimama.

Nikainama kwa mazoea. Tarakimu zilikuwa chini, upande wa ukutani. Nikasoma kimoyomoyo: 2213. Wiki ya ishirini na mbili, mwaka elfu mbili na kumi na tatu. Miaka sita na nusu.

Baba alipitisha vidole ubavuni mwa tairi la juu, akabonyeza, akanusa. Hakuita "Cella, mwaka?" Angeita vipi mbele ya mkamwana anayemwona bingwa? Alifanya alichoweza: alinigeuzia uso, akasubiri. Nafahamu kusubiri kwake. Na Noelia, kwa hisani kabisa, akanigeukia pia.

"Wifi, wewe unaonaje?"

Nilikiona kipimo cha shaba kikining'inia kwenye funguo zake. Nikasema, "Mimi nani? Mtaalamu yupo hapa. Baba ameshaona."

Hayo ndiyo maneno yangu, Shangazi, nimekuandikia yalivyo. Baba akaondoa mkono kwenye tairi, akasema, "Basi. Fungeni." Na Virgil akafunga.

Sitaki kukuambia kwamba sikufikiri. Nilifikiri kila asubuhi nikizunguka basi na tochi, kwa siku kumi na moja. Kila siku nilikuwa na nafasi ya kusema, na kila siku Noelia alifanya kitu. Mara kamnunulia Baba soksi. Mara Baba kamwita "mtoto wangu." Nilichotaka, nikisema ukweli wote, ni ateleze kidogo. Kidogo tu, hapa mbele ya nyumba, agonge pipa la takataka, watu watoke nje, na Baba aseme kwamba Cella asingefanya hivyo. Nilijitengenezea picha hiyo mara nyingi sana. Katika picha hiyo kiti cha abiria kilikuwa kitupu.

Tarehe ishirini alimchukua Baba kwenda Edinboro kumwona rafiki yake wa kiwandani, Stanley Kupiec, ambaye kapooza. Mjini kulikuwa kukavu, jua linawaka. Unaukumbuka upepo wa ziwa, unaangusha theluji yote kijiji kimoja na kukiacha cha pili. Kwenye mteremko kabla ya Edinboro wakaingia kwenye ukuta mweupe. Noelia hakuwa anakwenda mbio. Mwenye shamba aliyewatoa kwa trekta aliniambia mwenyewe kwamba alama zilionyesha alikuwa polepole na amekata usukani mapema. Gari halikukata. Lilikwenda moja kwa moja, likang'oa sanduku la barua na kulalia ubavu mtaroni, upande wa Baba.

Mimi nilikuwa na watoto sita wamebaki kwenye basi. Mwongoza mabasi akaniita kwenye redio, akasema nikimaliza niende hospitali moja kwa moja, nisirudishe basi kituoni. Niliwashusha wote sita, kila mmoja mlangoni kwao, nikawaambia kwaheri kwa majina. Sijui nilifanyaje.

Noelia alikuwa ukumbini, ameshonwa nyuzi saba juu ya jicho, blauzi imelowa damu. Alinishika. "Nimemuua baba yako," akasema. "Sijui kuendesha kwenye theluji, nimemuua." Baba hakuwa amekufa, alikuwa nyuma ya pazia anawafokea wauguzi kwa sababu wameikata suruali yake. Lakini mimi nilikumbatiwa na mwanamke yule, damu yake kwenye koti langu la kazi, na nikamwacha aamini hivyo.

Jioni hiyo Gerard akapiga kutoka melini, simu ikawekwa sauti ya juu kitandani kwa Baba. Gerard anafoka, matairi gani hayo, nani kachagua, Noelia analia, mimi nimesimama na koti la Baba mkononi. Baba akasema, "Ni mimi. Nilisoma mwaka vibaya. Macho yangu hayaoni tena, Gerard, yana mwaka wa pili hayaoni." Alisema hivyo huku akitazama ukuta. Daktari alikuwemo chumbani. Sheria ya jimbo letu inamlazimu daktari kutoa taarifa ya dereva asiyeona; yule wa kliniki alikuwa akitufumbia jicho, huyu hakuweza. Barua ya kumfutia leseni ilifika kabla Baba hajaruhusiwa kuoga mwenyewe.

Miaka miwili alilinda siri hiyo, na aliimwaga kwa nusu dakika ili mtu asiniulize mimi nilikuwa wapi.

Na mimi nikamwacha. Siku ya Shukrani tulikula kwa binamu Raymond, bata mzinga na pierogi za mkewe, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, watu kumi na wanne. Raymond akainua glasi akasema, "Mjomba Chet, na mimi nahitaji matairi. Ila safari hii nataka ya karne hii." Meza nzima ikacheka. Wanaume ambao Baba amewachagulia matairi maisha yao yote walicheka mpaka wakafuta macho. Baba alicheka pia, akishika mbavu, halafu akaniomba nimkatie nyama.

Nilimkatia. Akainama akasema kwa sauti ya chini, wengine wakiwa wamegeukia mambo ya mpira.

"Ulivuta pumzi ya kusoma. Kwa Virgil. Nikakusikia. Halafu ukafunga mdomo."

Niliendelea kukata nyama.

"Nikajua kuna kitu. Nikaona aibu kuuliza mbele yake. Basi tumegawana, nusu kwa nusu."

"Ulimpa kipimo," nikamwambia. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, mbele ya bata mzinga. "Ulimpa yeye."

Alinitazama pembeni, vile anavyotazama siku hizi ili doa lisinifunike. "Nilimpa kwa sababu hajui kitu. Wewe kipimo cha nini, Cella? Wewe unatazama tu unajua. Nilidhani unaelewa hivyo." Akala kipande kimoja. "Sasa nyamaza. Mimi nimezeeka, wakinicheka wanachoka. Wewe unaendesha watoto wa watu. Usimwambie mtu."

Nilijaribu kunyamaza, Shangazi, na ninayo bidii ya kunyamaza, umeshaiona. Lakini kila nilipomeza mate nilimsikia Raymond. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Noelia. Gari lilikuwa bado kwa fundi, lakini kiti cha abiria kilikuwa kimetolewa, na yeye alikuwa anakisugua damu sakafuni jikoni. Nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama, bila kuvua koti. Tarakimu, kipimo, soksi, pipa la takataka. Nilitaka kuanza na samahani ila nikajikuta nimeiweka mwisho.

Aliendelea kusugua muda mrefu.

"Nilikuuliza," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza wewe, wifi. Mzee sikumuuliza. Nilishajua haoni. Mtu anayemwaga chai pembeni ya kikombe kila siku, unadhani sioni? Ndiyo maana nikataka uje."

Hapo ndipo nilipokaa chini, na hakuna aliyenikaribisha.

"Siku tisa nimelala nikijiona muuaji," akasema. "Na wewe unaniletea supu." Akanifungulia mlango, hakunisukuma, hakunitukana. Ningependelea anitukane.

Jumamosi alikuja hapa na gari, limenyooshwa, liko kwenye matairi ya kuazima ya fundi. Alimwambia Baba ajiandae, wanakwenda kuchagua upya, na kwangu mimi akasema, "Na wewe." Hatukwenda kwa Virgil, tulikwenda duka jingine, upande wa magharibi. Baba alikaa kwenye kiti karibu na hita, ameshajua nimesema. Alinikasirikia na bado amenikasirikia, anasema nimemnyang'anya kitu alichonipa. Noelia alichagua peke yake. Alichukua yenye kilima, japo yanavuma kidogo barabara kuu na kwenye kona si makali kama yale. Akaniambia nisome. Nikapiga magoti, nikamsomea yote manne: 3419, 3419, 3519, 3419.

Akaandika kwenye daftari. Kisha akakunja sketi yake, akapiga magoti palepale penye uchafu, na akayasoma yote manne upya kwa kidole, moja baada ya jingine. Mwenye duka alishangaa. Mimi nilisimama nikamsubiri amalize.

Jana jioni Baba mwenyewe alimpigia Raymond, akasema nimalize nilichokianza, akanipa simu. Nimemwambia. Leo nadhani parokia nzima inajua, maana mama wa ofisi ya padri amenisalimia kwa upole mno. Kazini pia nimemwambia mkuu wangu kabla hajasikia kwa mwingine. Amesema atafikiri, na nimeendelea kuendesha. Gerard bado. Meli yake inatia nanga Duluth Ijumaa, na Noelia amesema yeye ndiye atakayemwambia, kwa wakati wake.

Usidhani wivu umeisha. Asubuhi hii alimletea Baba tamale, akamlisha mwenyewe kwa uma kwa sababu ya mkono, nami nilikuwa ngazini nikawasikia, na roho iliniuma palepale inapouma siku zote. Tofauti ni kwamba sasa nikiumwa najua naweza kufanya nini, na ninajiogopa.

Pokea salamu za Baba, anasema usimhurumie, mtumie mabalungi. Nisalimie jirani yako Bi Odette na yule mbwa wake mnene, na dada wa kanisani anayekuchukua Jumapili. Binamu Raymond na mkewe wanakusalimu pia. Mungu akulinde nyonga na moyo, akupe Krismasi yenye watu, na akujalie mwaka ambao barua zangu zitakuwa za kuchosha.

Ndani ya bahasha kuna mkate wa Mkesha wa Krismasi, ule mwembamba wa pembe nne. Kama kila mwaka, tumemega pembe zetu kabla ya kukutumia, ili tuwe tumesameheana sote ukiumega na wewe. Pembe ya juu ni ya Baba. Alimega kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana imepinda. Ya pili ni yangu. Ya Gerard nimemmegea kwa niaba yake, kama siku zote akiwa ziwani. Ya nne nilimpelekea Noelia leo mchana. Aliishika, akaitazama, akanirudishia na kusema, "Iache kwanza."

Nimeiacha nzima, ni yake. Ukiumega mkate wako, Shangazi, mega upande mwingine.

Ni mimi binti wa mdogo wako, akupendaye na asiyekuficha kitu,
Marcella